Vidonge vya "kuondoa sumu" havimkingi mjamzito

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na naomba mnivumilie kwa sababu mada yenyewe ina sayansi kidogo ndani yake. Ukichoka katikati nenda kachemshe chai, rudi, umalizie. Na wanaume msikimbie, hii si habari ya kina mama peke yao. Kama una mke, mchumba, dada au shemeji anayetegemea kupata mtoto, inakuhusu.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu za wajawazito hapa mjini. Umepangwa vizuri, una picha ya mama mwenye tumbo anatabasamu, una maneno mazito ya kisomi. Chembe huru. Antioksidanti. Msongo wa oksidisho. Unasema presha ya mimba na kisukari cha mimba vinaletwa na "sumu" zinazojaa mwilini, na kwamba kuna kopo la vidonge linalozitoa. Mwisho kuna namba ya kutumia pesa. Kopo moja ni la mwezi mmoja, na ushauri ni kwamba mama aendelee kunywa mpaka atakapojifungua. Hesabu mwenyewe ni makopo mangapi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: huu ni wizi. Na kwangu ni mbaya kuliko wa yule mganga mwenye bango kwenye nguzo ya umeme, kwa sababu mganga wa bango hajifanyi ametoka maabara. Huyu wa kopo ameazima maneno ya kweli ya sayansi, akayavua maana yake, akabaki na ganda. Halafu pesa siyo hata ubaya wake mkubwa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mama aliyemeza vidonge anaamini ameshajikinga, na mtu anayeamini ameshajikinga haoni sababu ya kupanga foleni akapimwe presha.

Nimesema maneno ni ya kweli. Tuanzie hapo, maana sitaki mtu aje kuniambia nimepinga kitu nisichokijua.

Hiyo oksidisho ni nini?

Kata parachichi, liache mezani nusu saa. Linageuka rangi. Acha mafuta ya kula wazi kwa muda mrefu, yanachacha. Acha msumari kwenye mvua, unashika kutu. Mambo haya matatu ni ndugu: oksijeni inakula kitu. Ndani ya mwili kazi hiyo hiyo inafanyika kila sekunde, kwa sababu seli zetu zinatumia oksijeni kuchoma chakula ili zipate nguvu. Kwenye uchomaji huo zinatoka chembe korofi, zenye njaa ya elektroni, zinazonyang'anya jirani yoyote: mafuta ya kwenye utando wa seli, protini, hata vinasaba. Hizo ndizo chembe huru.

Mwili haukuachwa hivi hivi. Una askari wake wa kuzituliza, ambao ndio antioksidanti. Wengine mwili unawatengeneza wenyewe, wengine tunawapata kwenye chakula, kama vitamini C na vitamini E. Chembe korofi zikizidi uwezo wa askari, hapo ndipo wataalamu wanasema kuna msongo wa oksidisho. Neno si la uongo, na wala halikubuniwa na muuza makopo.

Sasa njoo kwenye mimba. Mtoto tumboni anaishi kwa kondo la nyuma. Kondo ni kama bomba na chujio kwa pamoja, linachukua oksijeni na chakula kutoka kwenye damu ya mama na kumpelekea mtoto. Ili kazi iende, mishipa midogo ya damu kwenye mfuko wa uzazi inatakiwa ipanuliwe mapema, igeuke kutoka vichochoro kuwa barabara. Kwa baadhi ya wanawake upanuzi huo haukamiliki. Damu inafika kwa kurukaruka, mara kidogo, mara kwa kasi, na kondo linaingia kwenye msongo huo wa oksidisho. Kondo lililobanwa linamwaga protini fulani kwenye damu ya mama, na protini hizo zinavuruga utando wa ndani wa mishipa yake yote. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Boston, akiwemo Ananth Karumanchi, lilionyesha kwamba mmoja wa wakorofi hao ni protini inayoitwa sFlt-1.

Matokeo yake ndiyo tunayoyaona kliniki. Mimba ikishapita wiki 20, presha inapanda na kufika 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi figo zinaanza kupitisha protini kwenye mkojo. Ini linaweza kuumia. Ubongo unaweza kuumia. Hali hiyo inaitwa preeklampsia. Ikifika kwenye degedege inaitwa eklampsia, ambayo sisi tumeibatiza kifafa cha mimba.

Kwa kisukari cha mimba, mlango ni mwingine lakini wanakutana barazani. Kondo linatoa homoni zinazoifanya insulini ya mama ifanye kazi kwa shida, ili sukari ibaki ya kutosha kwa mtoto. Kwa kawaida kongosho la mama linaongeza juhudi na mambo yanakwenda. Likishindwa, sukari inapanda. Sukari ikizidi, mitambo midogo ya nguvu ndani ya seli inalemewa na kutema chembe huru kwa wingi. Michael Brownlee na wenzake wa New York waliandika hoja hiyo kwa uzito mwaka 2001, wakieleza kisukari kwa ujumla. Na mwanamke mwenye kisukari cha mimba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata preeklampsia kuliko asiye nacho.

Mpaka hapo muuza kopo anapiga makofi. "Si unaona? Hata wewe umesema!" Subiri, ndugu yangu. Usipige makofi kabla muziki haujaisha.

Swali lilishaulizwa, na jibu lilishatoka

Unadhani watafiti hawakuwaza hilo wazo la vidonge? Waliwaza kabla yako, na waliwaza kwa matumaini kabisa. Mwaka 1999 jijini London, Lucy Chappell, Lucilla Poston na wenzao walichapisha utafiti wa wanawake 283 waliokuwa kwenye hatari. Waliopewa vitamini C na E walipata preeklampsia kwa uchache kuliko waliopewa vidonge bandia. Watu walifurahi. Dawa rahisi, inauzwa kila duka! Kama hadithi ingeishia hapo, leo mimi ningekuwa wa kwanza kuwauzia makopo.

Haikuishia hapo, kwa sababu utafiti wa watu 283 ni mdogo. Wakaamua kupima kwa makundi makubwa.

Mwaka 2006, Poston yule yule akatoa majibu ya wanawake zaidi ya 2,400 huko Uingereza. Miligramu 1,000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E kila siku. Preeklampsia haikupungua. Badala yake, watoto waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa asilimia 28 kwa waliomeza vitamini, na asilimia 24 kwa waliomeza vidonge bandia. Nawaomba mzingatie kitu kimoja hapa. Mtu mwenye matumaini makubwa kuliko wote ndiye aliyekwenda kupima upya, akakuta wazo lake limeanguka, akachapisha hivyo hivyo dunia ione. Nani kati ya wauza makopo amewahi kufanya hivyo?

Mwaka huo huo 2006, Australia, wanawake 1,877 wenye mimba ya kwanza: hakuna nafuu. Mwaka 2009, utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kwa wanawake 1,365 wa India, Peru, Afrika Kusini na Vietnam, wengi wao wakiwa na lishe duni: hakuna nafuu. Mwaka 2010, Marekani, wanawake zaidi ya 10,000, tena wakaanza kumeza mapema kati ya wiki ya 9 na ya 16: hakuna nafuu. Mwaka huo huo 2010, Uingereza, wanawake 762 wenye kisukari aina ya kwanza, yaani wale ambao kama vitamini zingesaidia mtu basi wangekuwa wao: preeklampsia haikupungua kwa kiwango cha kuaminika.

Jumlisha. Ni zaidi ya wanawake 16,000, katika mabara tofauti, matajiri na maskini, wenye kisukari na wasio nacho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 lilisema wazi kwamba vitamini C na E hazipendekezwi kwa kuzuia preeklampsia, na mwaka 2016 likarudia kwenye mwongozo wake wa huduma za wajawazito.

Kwa hiyo anayekuuzia "kinga" hiyo leo ana mambo mawili tu. Ama hajui, na hapo hana haki ya kumshauri mjamzito. Ama anajua, na hapo jina lake nawaachia nyinyi.

Kwa nini ilishindikana?

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Muuza kopo ameelewa nusu ya kwanza tu. Ameuona moshi, akakuuzia feni ya kuupeperusha.

Msongo wa oksidisho kwenye preeklampsia kwa sehemu kubwa ni moshi wa jambo lililoharibika mapema sana. Mishipa ile inayotakiwa kupanuliwa inaanza kazi yake wiki za mwanzo kabisa, wakati wengine hata hawajajua kama wana mimba. Graham Burton wa Cambridge na Eric Jauniaux wa London walionyesha miaka ya 2000 kwamba mpaka karibu mwisho wa miezi mitatu ya kwanza, damu ya mama huwa haijamiminika sawasawa ndani ya kondo, na oksijeni pale huwa ndogo. Ikianza kuingia, ndipo msukosuko unapoanza. Barabara ikishajengwa vibaya, vitamini ya mwezi wa tano haiijengi upya.

Jambo la pili ni kwamba chembe huru si adui tu. Mwili unazitumia kama ishara, na askari wa kinga wanazitumia kuua vijidudu. Ukimwaga antioksidanti bila mpango unaweza kunyamazisha na ishara zinazohitajika. Mfano uliotikisa madaktari ulitoka Finland mwaka 1994. Walichukua wanaume wavuta sigara 29,133, baadhi wakapewa beta-karotini, kemikali ile ya rangi ya karoti. Walitarajia saratani ya mapafu ipungue. Ikaongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Hicho ni kidonge cha "asili", cha karoti!

Hapo najua mtu atauliza, "Kwa hiyo matunda tusile?" Jamani, kuleni. Kula embe, kula mchicha, kula nyanya. Chakula ni chakula, kina vitu mamia vinavyofanya kazi pamoja. Ninachopinga ni mtu kuchukua kitu kimoja, kukigandamiza kwenye kidonge kwa dozi kubwa, na kukiita kinga ya ugonjwa ambao kimeshapimwa na kushindwa. Na kama mkunga amekupa vidonge vya madini ya chuma na foliki, hivyo meza. Vina kazi yake na vinajulikana. Usije ukasema mwandishi kakataza.

Mwingine atasema hiyo ni njama ya wazungu na makampuni makubwa ya dawa, hawataki tupone kwa bei rahisi. Hoja hii ndiyo inanichekesha kuliko zote. Nitakuonyesha sasa hivi kwamba vitu vinavyofanya kazi kweli ni vya bei ya chini kuliko hilo kopo lako.

Vinavyofanya kazi

Cha kwanza ni mashine ya presha. Siyo dawa, ni kitambaa kinachobana mkono. Dakika mbili. Preeklampsia ni mjanja, mama anaweza kujisikia mzima kabisa huku presha iko 160 kwa 110. Bila kupima humjui.

Cha pili ni kijiti cha mkojo. Unakichovya, unasubiri, unaangalia rangi. Kinaonyesha kama protini inavuja.

Cha tatu ni aspirini ya dozi ndogo, kwa wale wenye hatari kubwa: aliyewahi kupata preeklampsia, mwenye presha ya siku zote, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye mapacha. Mwaka 2017 utafiti ulioongozwa na Kypros Nicolaides kwa wanawake 1,776 wa hatari kubwa barani Ulaya na Israel ulionyesha kwamba waliopewa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, preeklampsia ya kuzaa kabla ya wakati iliwapata asilimia 1.6, dhidi ya asilimia 4.3 kwa waliopewa kidonge bandia. Lakini usikimbilie duka la dawa. Ni ya kuanza mapema, na ni daktari wa kusema nani anahitaji na nani haimfai.

Cha nne ni madini ya kalsiamu, kwa watu ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Na hapa nataka tujivune kidogo. Mwaka 2024 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore, wanawake 11,000 hapa na 11,000 kule, wote mimba ya kwanza. Walilinganisha miligramu 500 na miligramu 1,500. Preeklampsia ilikuwa karibu asilimia 3 kote kote, yaani dozi ndogo haikuzidiwa. Kwa upande wa kuzaa njiti majibu ya hapa Dar hayakuwa wazi kama ya India, kwa hiyo si jambo la kukimbilia bila kufikiri. Ila maana yake ni kubwa: dozi ndogo ina vidonge vichache na gharama ndogo, na serikali inaweza kuimudu. Wanawake wa mji huu walijitolea miili yao ili jibu hilo lipatikane. Wangapi kati yenu mmelisikia? Na tangazo la kopo mmelisikia mara ngapi?

Cha tano, magnesiamu salfeti. Hii ndiyo inaniliza. Mwaka 2002 utafiti wa wanawake 10,141 kutoka nchi 33, ulioratibiwa kutoka Oxford, ulionyesha kwamba sindano za chumvi hii kwa mama mwenye preeklampsia zinapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Ni chumvi ya zamani, haina mwenye hati miliki. Inahitaji nesi aliyefundishwa, anayejua kuangalia pumzi, mkojo na kano la goti, na mwenye kalsiamu glukoneti pembeni ikitokea dozi imezidi. Basi. Hiyo njama ya makampuni iko wapi hapo?

Na tiba ya mwisho kabisa ya preeklampsia ni kuzaa. Kondo likitoka, chanzo kimetoka. Ndiyo sababu madaktari wanaweza kusema mtoto atolewe mapema, na ndiyo sababu mama anatakiwa awe mahali ambapo uamuzi huo unawezekana.

Kwa kisukari cha mimba, kipimo kinachoaminika ni kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi na kupimwa damu, kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kuangalia sukari kwenye mkojo peke yake hakutoshi, kwa sababu figo za mjamzito huweza kuvujisha sukari hata akiwa mzima. Akigundulika, wengi wanatosheka na mpangilio wa chakula na mazoezi, wengine wanahitaji dawa au insulini. Utafiti wa Australia wa mwaka 2005, wanawake 1,000, ulionyesha kwamba tiba hiyo ilishusha madhara makubwa kwa mtoto kutoka asilimia 4 hadi asilimia 1. Tiba yenyewe ilikuwa ushauri wa chakula, kujipima, na insulini kwa aliyeihitaji. Hakuna kopo.

Sasa tugeuke upande wa pili

Ningekuwa mnafiki kama ningewapiga wauza makopo peke yao. Kwa nini wanapata wateja, tena wasomi? Kwa sababu wana kitu ambacho kliniki zetu nyingi hazina: muda. Wanakujibu ujumbe saa tano usiku. Wanakuita "mama kijacho". Wanakuuliza umelalaje.

Mdogo wangu alipokuwa mjamzito niliomba nione kadi yake ya kliniki. Sitataja kituo. Mahudhurio matatu, uzito umeandikwa mara tatu, safu ya presha imejazwa mara moja, safu ya mkojo nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani. Nikamuuliza, akasema, "Dada, waliniambia vijiti vimeisha, kama nina haraka nikapime nje." Alipouliza kuhusu miguu kuvimba akajibiwa ni kawaida ya mimba. Huenda kweli ilikuwa kawaida, miguu ya wengi huvimba. Lakini kawaida inathibitishwa kwa kipimo, haithibitishwi kwa mdomo! Bahati nzuri alijifungua salama. Nasema bahati kwa makusudi, kwa sababu kadi ile haikuwa na kitu kingine cha kutegemea.

Siwalaumu manesi kama watu. Nesi mmoja, wajawazito sitini, mashine moja ya presha ambayo betri zake ananunua mwenyewe: hata wewe ungeruka safu. Na sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Takwimu za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi Tanzania vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na vikashuka hadi 104 kwenye ule wa 2022. Ni hatua kubwa, waliohusika wapongezwe. Ila 104 bado ni wanawake wenye majina. Na duniani, kati ya wanawake takriban 260,000 waliokufa kwa uzazi mwaka 2023, magonjwa ya presha ya mimba yanakadiriwa kuchangia karibu asilimia 16, ya pili baada ya kutokwa na damu.

Halafu kuna hili jina, kifafa cha mimba. Mimi naamini linaua. Mama akianza degedege, familia inasikia "kifafa", na kifafa kwa wengi wetu ni mambo ya mapepo, ya kurogwa, ya ukoo. Wanaanza kutafuta nani kamtupia. Wakati saa zinakwenda, dawa iko hospitali. Degedege lile halina ukoo wala jirani mbaya. Ni presha. Tungeliita degedege la presha ya mimba, pengine watu wangekimbilia mahali sahihi.

Na sisi waandishi? Wenzangu, tumekuwa wapi? Muuza kopo anapewa nusu saa redioni asubuhi kwa jina la "kipindi cha afya", analipia, mtangazaji anatikisa kichwa na kusema "eeh, kweli daktari". Daktari wa nini? Nani kamuuliza ushahidi? Tangazo liitwe tangazo. Kuliita elimu ni kushiriki.

Nini kifanyike

Kwa wewe unayesoma: ukiwa mjamzito, au ukimsindikiza mjamzito, usiondoke kliniki kabla namba ya presha haijaandikwa kwenye kadi. Omba kwa heshima. "Samahani dada, presha yangu leo ni ngapi?" Ijue namba yako kama unavyoijua namba ya simu. Uliza kuhusu mkojo. Uliza kuhusu kipimo cha sukari, hasa kama kwenu kuna kisukari, kama una uzito mkubwa, au kama uliwahi kuzaa mtoto mkubwa sana. Uliza mapema, kabla ya wiki ya 16, kama wewe ni wa aspirini. Kichwa kikiuma sana na hakiachi, macho yakiona ukungu au vimulimuli, maumivu makali kwenye chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba ghafla: usiandike ujumbe kwa muuza kopo. Nenda hospitali usiku huo huo.

Na ukijifungua usidhani imekwisha. Degedege linaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kuzaa. Aliyepata kisukari cha mimba ana hatari kama mara saba ya kupata kisukari cha ukubwani kuliko asiyekipata, na aliyepata preeklampsia hatari yake ya ugonjwa wa moyo baadaye ni kama mara mbili. Kapime kila mwaka.

Kwa wanaume: nauli ya kliniki ni jukumu lako, na pesa ya kopo moja inatosha kuchangia mashine ya presha ya nyumbani. Ukitaka kumpa mkeo zawadi ya mimba, mpe hiyo.

Kwa wenye mamlaka: vijiti vya mkojo na betri za mashine si anasa. Kila zahanati, kila siku, bila "vimeisha". Na anayemtangazia mjamzito kinga ya preeklampsia atakiwe kuonyesha utafiti, au afunge duka.

Kwa wewe muuza kopo, najua utasoma, maana mna macho kila mahali. Ulianza na maneno ya kweli. Malizia na ukweli wenyewe. Waambie wateja wako yale majibu ya 2006, ya 2009 na ya 2010. Wakishayasikia na bado wakanunua, hiyo ni pesa yao. Mimi nadhani hawatanunua.

Nawasilisha.